Mashini Yenye Kulalia Mayai ya Apolline

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Leo nimetengeneza mashini yenye kulalia mayai. Mimi Assumani, mikono hii miwili, bila kusaidiwa na mutu. Kasongo yote haijaona kitu kama hii!

Sawa. Uongo. Daftari haina mutu wa kuisoma na bado ninaidanganya, muzee wa miaka sabini na tatu. Ni Rachelle ametengeneza, binti ya marehemu kaka yangu, anafundisha umeme kwenye shule ya ufundi. Mimi nilitoa sanduku. Nilishika na tochi. Na hiyo tochi, alisema niishike vizuri, naangaza ndevu zangu mwenyewe.

Sanduku ni ya mbao, kuta mbili mbili, katikati tumejaza makapi ya mpunga ili joto isitoroke. Ndani ampuli moja ya taa. Juu ya nyumba pano yenye kukamata umeme wa jua, chini ya kitanda batri. Na kati ya batri na ampuli iko kakitu kadogo kenye miguu mingi, kama mende aliyekufa vizuri. Rachelle anasema mikrokontrolere. Mimi ninamuita Kichwa. Alimuagiza Bukavu kwa bei ya jogoo mmoja! Miaka arobaini nimetengeneza radio, sijaona kitu ya bei ndogo hivi yenye kufikiri.

Nikamuuliza: anajuaje kama mayai yanasikia baridi? Akasema: Baba mudogo, hajui kitu. Ninamuandikia kwenye ordinatere, hii kompyuta, ninamupitishia kwa kabo, hii waya, anafanya tu vile nimeandika.

Kama chefu wetu wa kartie, mukubwa wa mutaa, basi, nikasema. Alicheka mpaka akadondosha bisi aliyokuwa anakaza.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumejaribu. Iko kajiti kanakopima joto. Kajiti kakisema baridi, Kichwa anapaswa kuwasha ampuli. Yeye anazima! Joto ikipanda, anawasha! Mashini ya kinyume, kama mukwe aliyekasirika.

Rachelle akarudi kwenye ordinatere, kutafuta kosa kwa maandishi. Mimi fundi wa radio nilijua kosa iko kwa waya. Wakati ameinama, nikageuza waya kwenye relai, ile swichi yenye kusema tak, tak. Sikusema kitu. Yeye naye akabadilisha neno moja. Tukawasha.

Kinyume tena!

Karibu saa nzima anajikuna kichwa. Mimi ninakunywa chai. Mwisho nikakohoa. Akanitazama. — Baba mudogo, umegusa nini? — Nimegusa kidogo tu. — Kidogo wapi? — Kwa waya. — Nani alikutuma?

Hakuna aliyenituma. Kila mutu alirekebisha peke yake, kwa hiyo kosa ikarudi. Akanieleza bila kelele: waya na neno vinafanya kazi pamoja, ukibadilisha kimoja, mwenye kingine lazima ajue. Nikasema ndiyo mwalimu. Akarudisha waya yangu mahali pake. Tak. Ampuli ikawaka. Joto ikapanda mpaka thelathini na saba na nusu, tak, ikazima. Yenyewe!

Nilitaka kulia. Nikapiga chafya badala yake, hakuna aliyejua.

Jumapili, 6 Oktoba

Apolline amerudi kutoka Lusangi. Apolline ni mudogo wa marehemu muke wangu Marie-Thérèse, kwa hiyo ni bulamu yangu, na tunatukanana kama desturi inavyotaka. Lakini leo sikumutukana sana. Ule ugonjwa wa kiangazi ulimuulia kuku zote. Thelathini na mbili. Alizichimbia shimo peke yake nyuma ya jiko. Tangu siku ile hakuna kitu kinacholia pale kwake asubuhi, na yeye mwenyewe amepungua sauti. Zile kuku ndizo zilikuwa shamba yake. Miguu haimuruhusu tena kulima.

Ameleta mayai ishirini na nne ndani ya beseni ya makapi, juu ya magoti yake, pikipiki njia yote. Amekopa kwa dada wa kanisa ya kule. Atarudisha vifaranga, wakipatikana. Hana mengine.

Akatazama sanduku. — Bulamu, hii ni kitanda ya mayai ama jeneza ya mayai?

— Ni materniti, nyumba ya kuzalia. Wewe utazaa salama, nikamwambia.

Akanipiga na kitambaa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mayai yameingia. Kila yai Apolline aliandika mustari wa makaa upande mmoja, vile wanawake wetu wanafanya ili wajue mayai waliyowekea kuku na yale kuku ameongeza mwenyewe. Rachelle alifurahi sana na ile mistari. Anasema itatusaidia kugeuza: asubuhi mustari juu, mchana chini, jioni juu, kesho yake tunaanza chini. Kugeuza ni kazi yangu. Ampuli ni kazi ya Kichwa. Siku ishirini na moja. Basi tarehe 29.

Apolline aliniambia, polepole, wengine wasisikie: Assumani, ninakuamini.

Heri angenitukana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asani amepita, yule wa pikipiki, anayebeba watu mpaka Salamabila. Simu yake imekufa, wateja wanamutafuta. Ameona batri. — Enjenyeri, nichajie kidogo tu!

Enjenyeri! Mimi, niliyeacha shule mwaka wa nne wa primere juu ya kumucheka mwalimu! Nikachukua simu.

Jumatano, 16 Oktoba

Simu kumi na moja. Faridah jirani analeta ya kwake na ya dada yake. Wananiachia tumbako, ndizi, habari za watu. Asani haachi kitu, anasema, Muzee, nitakutumikia siku moja. Sasa amechaji mara tano. Wote wananiita Enjenyeri. Mashini inasema tak, tak. Nyumba yangu imekuwa na maneno kama zamani za radio.

Rachelle anaondoka kesho, semina ya walimu kule Kabambare, siku saba. Aliuliza kama kuna shida. Hakuna, nikasema. Simu nilizifunika na kikapu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mungu wangu.

Tangu juzi mvua, jua halijaonekana. Asubuhi hii nilikunywa chai yangu na nikasikia kitu hakipo. Sikujua ni nini. Kisha nikajua: tak. Hakuna tak. Kioo cha Kichwa, kale kanakoonyesha namba ya joto, cheusi. Nikaingiza mukono — mayai baridi kama mawe ya muto.

Simu nane juu ya batri, zimeshiba zote.

Nilizitupa ndani ya kikapu. Nikachemsha maji, nikajaza machupa, nikayafunga na nguo, nikalaza mayai yote ndani ya kitanda yangu katikati ya machupa, nikalala pembeni na blanketi mpaka saa sita, sijageuka. Muzee analalia mayai! Kama Faridah angeingia, kartie nzima ingekufa na kicheko. Hakuingia. Sikucheka.

Saa sita jua likatoka kidogo. Kichwa akaamka, akaanza kupima kama mutu ambaye hakutokewa na kitu. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Nikarudisha mayai.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeyaangaza, yai moja moja, na karatasi iliyokunjwa. Tochi niliishika vizuri.

Rachelle aliniachia namna ya kuona: yenye mishipa myekundu inayotikisika ni hai. Yenye weusi uliotulia, basi. Wiki iliyopita, Rachelle akiangaza, ishirini na moja zilikuwa na mishipa. Leo kumi na tatu. Nane zimetulia. Niliangaza zile nane mara tatu, pengine tochi inadanganya. Haidanganyi.

Apolline akapiga hodi. — Bulamu, wanaendelea?

— Wanaendelea.

Aliniachia sahani ya sombe, majani ya muhogo. Nimeila. Ni aibu hata kuandika kwamba ilikuwa tamu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Rachelle amerudi jana. Nilimwambia kabla hajavua viatu. Nilingojea anipigie kelele, nilikuwa nimeshatayarisha majibu. Akakaa kwenye kiti, akasema kosa moja ni yake: alimuandikia Kichwa aangalie joto ya mayai, hakumuandikia aangalie batri. Kichwa hakujua kama yeye mwenyewe ana njaa.

Nikamwambia asinitafutie udhuru, nina umri wa kutosha wa kuitwa mupumbavu.

— Sawa, Baba mudogo. Mupumbavu. Sasa nitafutie rezistansi mbili.

Rezistansi, ni tule tuvijiti tudogo twenye mistari ya rangi. Niko nazo wapi? Ndani ya radio ya Marie-Thérèse. Haijasema neno tangu alipokufa, miaka minane, na mimi fundi sijawahi kuifungua. Leo nimeifungua. Nikatoa rezistansi mbili, nikatoa na spika, sauti yake. Tumeziunga kwa Kichwa ili apime batri, na risasi nimeichoma mimi mwenyewe, bila kusaidiwa. Hapo sidanganyi! Rachelle akaandika maneno mapya, akapitisha kwa kabo. Sasa batri ikishuka, Kichwa anazima kioo na tutaa twote, anabakiza ampuli peke yake, na analia kupitia sauti ya radio. Tumejaribu. Analia vibaya sana, kama mbuzi amefungiwa.

Afadhali yeye, analia mapema. Mimi nilinyamaza na sahani ya sombe mukononi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemwambia Apolline. Kwake, kwenye jiko. Simu, mvua, zile nane, yote.

Aliendelea kuchambua muchele. Kisha: Assumani, mbona hukuniita siku ile ile? Faridah iko na kuku mbili zinalalia. Tungeziwekea yote.

Kuku mbili! Mita thelathini kutoka mulango wangu! Na mimi nilikuwa ndani ya blanketi na machupa.

Nikaondoka. Hakunitania hata neno moja, na hiyo ndiyo ilinichoma.

Jioni alikuja na kiti yake, akakaa mbele ya sanduku. Akaomba nimufundishe kusoma joto. Nikamufundisha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kuanzia leo hatugeuzi tena, Rachelle anasema wanajipanga wenyewe kutoka. Kuku za Faridah nazo zimeangua jana, zinatembeza watoto, haziwezi kupokea mayai yetu. Sasa ni Kichwa tu.

Simu zote nimekataa. Asani amekasirika: Enjenyeri amekuwa mukali! Nikamwambia enjenyeri amekufa, hapa imebaki Assumani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua tangu jana asubuhi. Rachelle yuko shuleni, mitihani. Batri inashuka. Apolline anasoma joto kwa sauti kila wakati, kama anasomea watu kanisani. Thelathini na saba na nusu. Thelathini na saba na nusu. Nimwambie anyamaze? Sithubutu.

Jumanne, 29 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Apolline ameninyamazisha, nilikuwa ninaimba. Tukasikiliza. Ndani ya yai — pii. Kidogo sana. Pii. Akanishika mukono, hajanishika tangu maziko ya dada yake.

Saa tatu. Yai moja imepasuka, tundu kama punje ya muchele, kamudomo kanapiga ndani. Mbili zingine zinalia bila kupasuka.

— Bulamu, akasema, ile jeneza yako inaongea.

Amenitania! Niandike vizuri: saa tatu asubuhi, Apolline amenitania.

Saa nne. Kichwa ameanza kulia. Ile sauti ya mbuzi. Batri. Nje mvua inamwagika, pano haina kitu. Kioo kimezimika, imebaki ampuli peke yake, na ampuli imeanza kuwa ya rangi ya chungwa. Rachelle alisema tangu pale Kichwa analia, tuko na saa moja, pengine na nusu. Vifaranga vikipata baridi sasa, katikati ya mulango, vinafia pale pale.

Machupa ya maji tumeweka. Haitoshi.

Apolline amevaa koti yangu ya mvua, atapeleka barua kwa Asani. Pikipiki yake iko pale chini ya paa la duka, ile boutike, ninaiona kutoka hapa. Mimi miguu yangu polepole, na yeye ndiye watu wanaogopa kumukatalia. Ninaandika hapa kwanza, nione kama maneno yanasimama, kisha ninakata ukurasa:

Asani mwanangu. Nilikuchajia simu mara sita. Sikukuomba kitu, ulisema siku moja utanitumikia. Siku ndiyo hii. Sitaki feza, sitaki tumbako. Kuja na pikipiki yako mpaka mulangoni kwangu, niko na kabo mbili tayari za kuunga batri yako na yangu. Utakaa tu juu ya kiti yako, ndani ya nyumba kuna chai. Na injini, tafadhali, usizime.