Oda ya Mlingoti

Karakana ya Viti,
Mlango wa nyuma,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kwanza nikujulie hali, maana nikianza na habari nitasahau adabu zote. U mzima? Goti la kushoto linasemaje? Bado unalala dirisha wazi kwenye baridi hiyo, halafu mafua yakikukamata unaisingizia kazi? Sisi huku wazima. Mama ana nguvu zake, na sauti ndiyo imezidi. Mimi naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nimeshindwa. Ulinipa jina la Kiroboto nikiwa na miaka mitatu, na sijaacha kuruka.

Najua unajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Nina habari nzuri mno, lakini katikati yake kuna kosa langu, na kosa lenyewe linakuhusu wewe. Kwenye simu ungenikatiza. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Nilikuambia kwamba barabara ya mbele ilifungwa na ukuta ukajengwa hadi usoni petu. Sasa mtu akitaka kuja karakana lazima azunguke maghala yote, aulize watu wawili, abwekewe na mbwa mmoja, ndipo afike mlango wa nyuma. Nani atasumbuka hivyo kwa ajili ya kiti? Miezi mitatu Mama hakutengeneza hata stuli. Alifagia sakafu iliyokuwa safi, akanoa randa ambayo haikugusa mbao, kisha akakaa.

Siku moja nikamkuta anazipaka mafuta patasi za Babu na kuzifunga kwenye vitambaa, moja moja. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anazipanga tu. Mjomba, patasi hazipangwi hivyo! Mama alikuwa anaifunga karakana bila kumwambia mtu. Nilikwenda nyuma ya rundo la mbao nikalia, halafu nikajipangusa nikasema, haiwezekani, na mimi nipo.

Wewe unajua kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu. Ya kwetu nilikuwa nayo miaka miwili. Kila kiti kina ukurasa wake, picha zake na maelezo ya Mama, jinsi alivyochagua mbao na kwa nini miguu ameiinamisha. Watu wanasoma, wanasifu, wanaondoka. Duka la mtandaoni nalo nililifungua pembeni, kwa kampuni inayokupa duka tayari, wewe unapanga bidhaa tu. Kule mtu anaweza kununua, lakini haoni ila picha moja na vipimo. Basi aliyependa kiti kwenye tovuti ilimbidi atoke, aende dukani, akitafute upya. Wengi walipotelea njiani.

Nikaamua kuviunganisha, tovuti na duka viwe kitu kimoja, msomaji amalize kusoma anunue papo hapo. Mama akakataa katakata. Si unaikumbuka sheria ya Babu? Hapa kiti hakiuzwi kabla ya kuulizwa atakaa nani. Mtu aje na pesa zake, na haraka zake, na ukubwa wake, ataulizwa tu. Duka la mtandaoni haliulizi. Bonyeza, lipa, kwaheri. Mama akaniambia hawezi kumtengenezea kiti mtu ambaye hajui magoti yake.

Haya, nikasema, basi litauliza. Niliweka swali kwenye ukurasa wa kila kiti, “Atakaa nani?”, na bila kulijibu kitufe cha kununua hakifunguki. Jibu linatakiwa lisafiri na oda hadi dukani, kisha litoke nayo kwenye printa yetu. Ukilisema ni jepesi. Wiki tatu, Mjomba! Kwanza oda ilifika, jibu likabaki kwenye tovuti. Nikarekebisha, majibu yakaanza kufika lakini la huyu limeshikamana na oda ya yule. Mzee Msasa, uliyemwacha anapiga msasa na mpaka leo anapiga msasa, alikuwa anachungulia kompyuta yangu kila asubuhi na kuuliza, “Zimeshaelewana?” Namwambia bado. Akanishauri nizifungie chumba kimoja nisizitoe mpaka zipatane.

Alhamisi moja, kabla ya saa sita mchana, nilijaribu kwa mara ya sijui ya ngapi. Oda ya majaribio inataka jina la mnunuzi na jibu la swali. Nilikuwa nimechoka kuandika “jaribio la kwanza, jaribio la pili”. Nikakuandika wewe. Kwenye jina nikaweka Mlingoti, jina ambalo Mama pekee hukuita. Kwenye swali nikaandika hivi: “Mtu mrefu, ameinama kidogo kwa kuzoea kukwepa milango. Goti la kushoto halikunji vizuri, hukaa upande na kunyoosha mguu. Akicheka hujitupa nyuma, mgongo wa kiti uwe imara.” Sijui kwa nini niliandika vile. Najua sana kwa nini. Nilikuwa nimekukumbuka.

Nikabonyeza. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka na jibu lote, hakuna hata mkato uliopotea. Weee! Nilipiga ukelele mpaka Mzee Msasa akadhani nimekanyaga msumari. Mama alikuwa ametoka kununua gundi. Nikaitundika ile karatasi kwenye msumari wa ukutani, aione akirudi, ajue mambo yamekubali. Kisha nikachukua mkoba nikaondoka, nilikuwa na kazi ya siku tano kwa mwenye duka la vitabu, mji wa pili.

Mjomba, wewe umekulia pale. Unajua karatasi ikiwa kwenye ule msumari haisomwi kama habari. Inatengenezwa.

Nilirudi Jumanne. Nilisikia randa tangu kwenye maghala. Nikakimbia, nikamkuta Mama ana takataka za mbao kichwani, patasi za Babu zimetoka kwenye vitambaa vyote, na katikati ya karakana kuna kiti. Kiti, jamani! Mgongo mrefu, umeshikwa kwa viungo vya kukatwa, bila hata msumari mmoja. Upande wa kushoto wa kikalio ameushusha kidogo ili mguu unyooke bila kubanwa. Sikuhitaji kuuliza ni cha nani. Mama alinishika mabega akasema, “Kaka yangu ameagiza kiti. Mtu haagizi kiti cha kwao kama harudi kwao.”

Akaendelea kwamba bila shaka unataka kutushtukiza, ndiyo maana umepitia dukani kama mteja, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kukupigia simu na kukuharibia. Alikuwa ameshamwambia jirani. Alikuwa ameshamwambia muuza vanishi. Mzee Msasa alikuwa ameshanunua shati la kukupokelea. Nilitakiwa niseme palepale, Mjomba. Nilifungua mdomo, nikaomba maji.

Lakini sikiliza kilichofuata, ndicho kinachonifanya nishindwe kukaa. Kwa sababu ya oda yako, Mama aliliamini duka. Alisema hili lililounganishwa linauliza vizuri, lifunguliwe. Nikalifungua siku hiyohiyo, na oda zikaanza kuja, za kweli, za watu nisiowajua! Hadi leo ni kumi na moja. Mmoja kajibu kwamba atakaa mkewe anayenyonyesha mapacha, Mama akapanua mikono ya kiti, watoto wote wawili wapate pa kuegemea. Mwingine kajibu, “Paka.” Nikadhani Mama atakasirika. Ameniagiza nimwandikie nimuulize paka ana uzito gani na huruka kutokea upande upi. Na mmoja kaandika kwamba atakaa baba yake, haoni, hutafuta kiti kwa mkono. Mama aliisoma mara mbili, kisha akachonga mfereji mdogo kwenye mkono wa kiti, vidole vya yule mzee vijue vimefika. Karatasi msumarini zimepandana. Mama anaamka anaimba, na anaimba vibaya, na sitaki aache.

Ila kila akipita kwenye kiti chako anakifuta vumbi, na mimi nakosa pa kuangalia. Siku tisa nilivumilia. Ijumaa, tulipokuwa tunakunywa chai ya saa nne, nikapiga moyo konde. Nikamwambia yote. Kwamba ilikuwa oda ya majaribio, kwamba Mlingoti hakubonyeza chochote, kwamba hata hajui.

Mzee Msasa aliangalia shati lake. Mama aliweka kikombe chini. Nilitamani anigombeze, angalau nijue pa kushika. Nikaona macho yake yamejaa, na hakuyafuta. Kisha akauliza ni nani aliyeandika habari za goti. Nikasema ni mimi. Akauliza kama nimedanganya popote, urefu, kicheko, kukaa upande. Nikasema hapana, ndivyo ulivyo.

“Basi oda haina kosa,” akasema. “Atakayekaa anajulikana.” Akainuka, akaichukua ile karatasi niliyokuwa nimeibandua ili nimwonyeshe, akairudisha msumarini mahali pake.

Mjomba, sikuandikii kukubana. Najua kazi, najua safari, na najua zile “mwakani” zako, nimezihesabu ni kumi na moja, sawa na oda zetu. Na najua siku ile ya kumzika Babu wewe na Mama mliachana bila kuagana vizuri. Hilo lenu, mimi mtoto. Nakuomba msamaha kwa kulitumia jina lako bila ruhusa na kumwamshia dada yako matumaini kwa kitufe cha majaribio. Nimekosa. Lakini nikikudanganya kwamba najuta sana, nitakuwa nimekosa mara ya pili.

Jambo moja tu nilimalizie. Jana nilikwenda kukipiga picha kiti chako nikakuta kinayumba. Nikashangaa, Mama na kiti cha kuyumba wapi na wapi? Kumbe miguu hajaikata mwisho, ameiacha mirefu kwa upana wa vidole viwili. Wateja wa mbali wote anawakatia kwa majibu yao. Nikamuuliza mbona hiki hukukimaliza. Akasema huyu ni wa kumpima amekaa.

Mzee Msasa anakusalimu, shati analitunza kwenye mfuko wake wa dukani. Jirani na muuza vanishi wanakusalimu pia, na wanauliza unakuja siku gani, nimewaambia waniache nipumue. Mama hakutuma salamu. Kasema salamu zake ziko karakana, zina miguu minne.

Mungu akulinde na hiyo baridi, alishike goti lako, na akufungulie njia.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja mlango wa nyuma,

Kiroboto