Chumba Chako cha Muziki Kimekwisha, Baba Nasra

Baba Nasra, mume wangu,

Eda yangu ilikwisha wiki iliyopita, na chumba chako kimekwisha pia. Nilipokwambia pale hospitali kwamba mafundi wataendelea, uliniangalia kama mtu anayedanganywa. Haya, sikukudanganya.

Ila nisijisifu. Aliyewasimamia ni Mama yako. Mimi nilikuwa ndani nimekaa eda, sionekani na wanaume wa nje, na mafundi wote ni wanaume. Nikisema neno nyuma ya pazia, Mama analibeba hadi kwa fundi Sanga, kisha ananirudishia jibu. Mama huyo huyo aliyekuwa akikuuliza mtu mzima anaijengeaje redio nyumba. Mwanzoni alikuwa ananibebea maneno kwa kununa.

Kwenye plasta ndipo tulipokwama. Ulitaka ukuta ubaki na mikwaruzo, sauti isigonge ikarudi. Fundi Sanga akausugua ukang'aa kama sahani, maana kwake plasta ya mikwaruzo ni aibu, wenzake watasema hajui kazi. Nikamtuma Mama amwambie aikwangue. Nilimsikia kupitia dirishani: "Mwanangu ameendesha lori miaka yote, muziki anausikia nusu, nusu injini. Alitaka ausikie mzima. Kwangua." Fundi akakwangua. Mimi nikalia, kwa sababu sikujua kama Mama alikuwa anakusikiliza uliposema hayo.

Kilichoninyima raha ni mdogo wako Salum. Alikuja akasema chumba kinachotazama barabara kuu, hapa Ipogolo, ni fremu ya duka, si mahali pa kuchezea santuri, na marehemu hasikilizi kitu. Alisema hivyo hivyo, Baba Nasra. Eti tutoboe pale ulipoziba dirisha, tuweke mlango wa chuma, tupangishe. Kiwanja ni cha Mama, neno la mwisho ni lake. Akamjibu, "Mke wa kaka yako atoke eda kwanza." Basi wajane wenzangu huisubiri siku ya kutoka eda kwa hamu, mimi nikawa naiogopa. Niliona nitakuzika mara ya pili.

Siku yenyewe ikafika, Salum yuko njiani na fundi wa kuchomelea. Mama akasema anataka kukiona chumba kwanza. Tukaingia wawili. Zulia limetandikwa, mapazia yale mazito yametundikwa, kiti chako kipo katikati. Nikausukuma ule mlango wa mninga uliouagiza Uyole, ukajifunga wenyewe kwa uzito wake. Ngurumo za malori zikakatika. Barabara nzima ikanyamaza, nikawa namsikia Mama anavyovuta pumzi. Nikanyoosha mkono niweke santuri, akanizuia.

"Huko nje wanatusikia?"

Nikamwambia hapana, Mama.

"Hata nikipiga kelele?"

Hata ukipiga kelele.

Akakaa kwenye kiti chako, akakulilia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyetuziba midomo wote, tusikulilie kwa sauti, tusikutese huko uendako, na watu wakasifu, mama ana imani huyu. Kumbe hakuwa na pa kulilia. Alikuita kwa lile jina la utotoni ulilonikataza kulitaja. Alikuita, alikuita, mpaka sauti ikamkauka, na mimi nimepiga magoti nimemshika miguu.

Salum alipofika, Mama alikuwa ameshanawa uso. Akamwambia chumba kina unyevu, bidhaa zitaoza. Salum akaupapasa ukuta, mkavu kabisa, akamtazama mama yake, akaondoka na fundi wake. Duka hajalizungumzia tena.

Santuri zako bado sijazigusa, unisamehe. Kila siku baada ya alasiri Mama anaingia humo na kufunga mlango, nami naketi hapa nje namenya viazi, mgeni akija namwambia Mama amelala. Hapa ndipo ninapokuandikia.

Nakuahidi nitazipiga zote, kwa sauti uliyoipenda, siku Mama atakapouacha mlango wazi. Sitamharakisha. Pumzika, Baba Nasra. Mwenye chumba kwa sasa ni yeye, na mimi simruhusu mtu kugonga.

Mkeo,
Mama Nasra