Uliibandika Picha ya Sabaha, Sasa Unaogopa Kuandika Barua

Wewe mwenye duka, kabla sijaiweka barua yako hapa gazetini watu waisome, nikwambie jambo moja. Usiisingizie korona. Korona haina mikono. Haikwenda steshenari, haikuchagua picha, haikupaka gundi mlangoni. Hayo umeyafanya wewe mwenyewe, mchana kweupe, ukarudi ndani ukanywa chai. Na usidhani nitakuonea haya kwa kuwa umenisalimia vizuri. Marahaba. Salamu nimeipokea, visingizio nakurudishia.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Sabaha sikulificha, na mwenyewe nimemwuliza. Amesema jina lake lishazoea kubandikwa, safari hii angalau libandikwe na maelezo yake. Haya, someni.

*

Bi Kijakazi, shikamoo bibi yangu. Naomba unisikilize na unisaidie maana nimekwama na sina wa kumwuliza, mimi nina duka la viungo la jumla hapa Kariakoo, iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga, nimelirithi kwa baba, na kwa miaka minane nilikuwa na mfanyakazi anaitwa Sabaha, huyu ndiye aliyekuwa anapepeta pilipili na kuchanganya pilau masala na kufunga pakiti, na wateja wangu wa mahoteli walikuwa wanaulizia mkono wake, sasa ilipoingia korona Sabaha alikuwa anakohoa, na si kwamba alianza wakati ule, bibi, dukani kwangu wote tunakohoa, vumbi la pilipili halina adabu, mimi mwenyewe nakohoa hata nikiwa kwenye swala, lakini kipindi kile mteja akisikia mtu anakohoa anaacha mzigo kwenye kaunta anaondoka, wengine wakawa wanasimama ng'ambo ya barabara wananipigia simu, yule mama anayekohoa bado yumo humo, na majirani zangu wenye fremu za maduka wakaanza kusema nitawaharibia mtaa mzima.

Basi nikamwambia Sabaha apumzike nyumbani mpaka hali itulie, nitampigia, akakubali, akaacha aproni yake kwenye msumari akijua anarudi. Wiki mbili zikapita wateja bado wanauliza, nikaona niwatoe wasiwasi, nikaenda steshenari nikamwambia dada wa pale nataka tangazo kwamba huyu mtu hayupo tena dukani, akaniambia nisihangaike kutunga, yapo yameshaandikwa kwenye kompyuta, yeye anabadilisha jina na picha tu, akanitolea lile la MTU HUYU PICHANI SI MFANYAKAZI WETU TENA, ATAKAYEFANYA NAYE BIASHARA KWA JINA LETU SISI HATUTAHUSIKA, na picha nilikuwa nayo kwenye simu, ya harusi ya mdogo wangu, Sabaha amekaa na mama yangu, ikabidi mama akatwe lakini mkono wake ukabaki begani kwa Sabaha, ule wenye hina, nikaona haina neno, nikabandika. Wallahi bibi sikuwaza wizi, niliwaza ugonjwa tu, lakini watu wa hapa wakishaona picha na maneno yale hawaulizi, wakaipiga picha kwa simu wakairusha kwenye grupu letu la wenye maduka, na mpaka leo mtu akimtaja kuna atakayeitafuta aitume tena.

Miezi mitatu baadaye mama yangu akafariki, ilikuwa presha, lakini kipindi kile nani anakuamini, wanawake wa kuosha wakawa wanatoa udhuru mmoja mmoja, huyu mgongo, huyu ana mgeni, na aliyekuja ni Sabaha, hakuna aliyemwita, aliingia kwa mlango wa uani na kanga zake mbili, akamwosha mama yangu pamoja na shangazi, akamaliza akaondoka kabla ya chakula, na tangazo lilikuwa bado liko dukani, nililitoa baadaye mvua ilipolichana.

Toka hapo Sabaha hakupata kazi Kariakoo. Sasa kuna shule moja ya bweni inataka kumpa kazi ya kutunza stoo ya jikoni, wanataka cheti cha utumishi na barua ya mwajiri wa zamani, mwisho ni Jumatatu ya tarehe ishirini. Alikuja dukani akasimama nje, hakuvuka kizingiti, akaniomba hivyo tu. Nilitaka kuandika palepale lakini shemeji yangu Abdulatif, ambaye aliwahi kuwa karani kwa wakili, akaniambia nikiandika kwamba aliondoka bila kosa nimejifunga mwenyewe, atanipeleka kwenye tume ya usuluhishi waniulize kama hakukosa nilimwondoa kwa nini, na kwamba bora nikae kimya, au nimrudishe kazini kimyakimya, aingie kwa mlango wa nyuma, mambo yaishe. Sasa bibi nifanye lipi, niandike nijitie matatani, au nimrudishe dukani bila makaratasi? Na kwa kweli si mimi peke yangu, wengi walifanya hivihivi, ni wakati ule tu ulikuwa mbaya.

Mwenye duka, Kariakoo.

*

Mwanangu, barua yako nilisomewa kwanza na mjukuu wangu Najma, halafu nikaichukua nikaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, kwa sababu sikuamini. Nimeishia darasa la nne. Lakini nimefanya kazi kwa watu miaka thelathini na mbili, na mwajiri namjua kuliko anavyojijua.

Kuogopa nakuelewa. Mimi mwenyewe niliweka ndoo mlangoni, mjukuu asiyenawa haingii, na shoga yangu wa miaka arobaini nilimpungia mkono dirishani kama trafiki. Kumwambia mtu anayekohoa akapumzike kwake, hapo sikulaumu. Ungeishia hapo leo ningekuwa nakusifu gazetini.

Hukuishia hapo. Na usiniambie hukujua. Umezaliwa Kariakoo, umekulia nyuma ya kaunta ya baba yako, leo unataka kuniambia hujui tangazo la picha mlangoni ni la nani? Ni la aliyekimbia na mauzo. Hata mgeni aliyeshuka leo kutoka Lindi na begi lake anajua. Yule dada wa steshenari alikuuliza jina na picha tu kwa kuwa haya mengine yote yanajulikana. Ungeweza kuandika kwa mkono, Sabaha amepumzika mpaka ugonjwa uishe. Maneno matano. Ulikuwa na kalamu dukani, ukaona uvivu.

Na picha. Najma alipofika kwenye ule mkono wenye hina aliacha kusoma, akaniangalia. Umemkata mama yako, mkono ukakataa kutoka, nawe ukaona haina neno. Halafu mama huyohuyo alipokufa wanawake wote wakaumwa migongo.

Mwaka wa sabini na nane, kipindupindu kilipoingia mjini, nilikuwa napika kantini ya kiwanda. Mkubwa wetu, mzee Tarsis, alitusimamisha wapishi wote sita siku moja. Alikuja jikoni mwenyewe, akavua kofia, akatueleza kwa nini, na kila mmoja akampa karatasi yenye jina lake: amesimama kwa ajili ya ugonjwa, hana kosa. Nililia kama wenzangu. Lakini karatasi ile nilimwonyesha balozi wa nyumba kumi, nikamwonyesha mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anatafuta la kusema. Tulilala na njaa miezi ile. Hakuna aliyeniita mwizi. Ugonjwa ulikuwa mbaya wakati ule pia, kwa hiyo usinipe habari za wakati mbaya.

Tuje kwa Abdulatif. Mtu aliyekuwa karani kwa wakili kujiita mwanasheria ni sawa na mimi kujiita daktari kwa kuwa nilifagia wodi. Sikutaka kukujibu kwa kichwa changu tu, nikapanda daladala mpaka karibu na Mnazi Mmoja kwa binti yangu Stella, anayesaidia wafanyakazi mambo ya sheria, nikamsomea barua yako bila jina. Akaniambia cheti cha utumishi mwajiri hampi mtu kwa hisani. Sheria inamtaka ampe anapoondoka, aliyeachishwa kwa ubaya na aliyeaga kwa uzuri, wote. Ulipaswa kukitoa siku ile uliyoamua harudi. Kila siku unayokaa kimya unaongeza kosa jipya juu ya lile la zamani. Kwa hiyo anayekutia matatani ni shemeji yako, kalamu haijakufanya kitu.

Je, atakupeleka kwenye tume? Nilimwuliza Stella hilo pia, sikutaka kukudanganya. Akasema shauri la kuachishwa kazi lina siku zake, nazo ni chache, aliyechelewa lazima aeleze sababu, na anaweza kukubaliwa au kukataliwa. Basi nakwambia wazi: anaweza kukupeleka. Akikupeleka utakwenda, utakaa kwenye benchi kama wenzako, utaulizwa, utajibu kweli. Mwanamume mzima mwenye duka la baba yake anaogopa kuulizwa swali. Mwenzako ameulizwa miaka yote hii, na hana hata tume ya kumwita ajitetee.

Halafu nikamtafuta Sabaha. Nikaulizia, nikaambiwa anakaa Ilala, na Ilala ni kwetu, sikuhangaika. Nilimkuta uani kwao anamenya vitunguu swaumu vya mama mmoja anayepikia shughuli, kapu zima. Nikamwambia bosi wako wa zamani anafikiria kukurudisha dukani. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Bibi, kikohozi changu kilipona wiki ya pili tu baada ya kuachana na pilipili yake. Nirudi nikatafute nini?"

Nikamwuliza, basi unataka nini kwake. Hapo hakucheka.

"Nataka nipite mtaa wa Kongo watu wasihamishe mikoba."

Akanieleza. Anaingia duka la vitenge kununua doti moja ya kawaida, muuzaji anamwita mwenzake aje asimame naye. Anamsindikiza jirani kununua vyombo, mwenye duka anampa jirani heshima na yeye anaambiwa asubiri nje. Hakuna anayemwita mwizi. Wanamtazama mikono tu. Na hiyo mikono, mwanangu, ndiyo iliyomwosha mama yako. Nilimwuliza ni kitu gani kilimpeleka nyumbani kwako siku ile wakati picha yake ingali mlangoni.

"Mama yake hakubandika kitu," akasema, akaendelea kumenya.

Sasa hilo la kumrudisha kwa mlango wa nyuma lifute kichwani. Akiingia kwa nyuma watu watasema umemsamehe wizi, wewe utaonekana mwenye huruma na yeye atabaki mwizi aliyesamehewa. Hataki kazi yako. Anataka ya shule, na atastahili, maana mtu aliyeshika viungo vya duka miaka minane bila upungufu anaweza kutunza mchele na maharage ya wanafunzi.

Na nyinyi wengine mliojificha nyuma ya huyu, wenye maduka, wenye mahoteli, walimu wakuu, mliowaambia watu wapumzike, mtawapigia, na mpaka leo hamjapiga, msisome mkacheka. Mtu wenu bado anazunguka bila karatasi. Na nyinyi wa shule, mwombaji akiwaambia bosi wake wa zamani hataki kumwandikia, mpigieni huyo bosi mumwulize sababu. Msimfungie mtu geti kwa kosa la mwingine.

Turudi kwako. Gazeti linatoka leo Ijumaa na Jumatatu ni tarehe ishirini, kwa hiyo huna nafasi ya kumwuliza Abdulatif tena. Ukitoka msikitini nenda moja kwa moja dukani, kaa, andika. Kwanza cheti: jina lake kamili, kazi aliyoifanya, siku aliyoanza na siku aliyoacha, sahihi yako, muhuri wa duka. Kisha barua: kwamba alisimamishwa kwa sababu ya hofu ya korona, hakuiba, hakukosa, na lile tangazo lilikuwa kosa la mwenye duka. Andika hivyohivyo, kosa la mwenye duka, usilete maneno ya mviringo. Ukimaliza, tengeneza tangazo jipya la ukubwa uleule, ubandike mlango uleule, litaje jina lake na liseme hana doa. Picha yake usiiguse, hajakupa ruhusa. Kama unaona tangazo bila picha halisomwi, weka yako. Lipige picha kwa simu, lirushe kwenye grupu lenu, na atakayekuuliza kulikoni mjibu kwa sauti yako asikie, usimtumie vikatuni vya kwenye simu.

Kesho Jumamosi saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwake Ilala. Usimtume mtu, usije na mchele wala sukari, usianze na hadithi ya wakati ulivyokuwa mgumu. Bisha hodi, mwambie umekosa, mpe karatasi zikiwa wazi azisome mbele yako. Neno asilolitaka urudi dukani ukalibadilishe, uzilete tena kabla ya adhuhuri.