Mume Wangu Kayapiga Brashi Matumbawe

Jumapili, Tabata. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kushuka, na mie nimevimba kuliko hayo mawingu.

Naandika mikono bado inanuka chumvi.

Mnaonisoma humu mnalijua tangi langu la samaki wa baharini, lile la sebuleni. Nilipewaga kipande cha matumbawe laini, yale yanayofumba na kufumbua kama viganja vya mtoto. Mazuri, ila yanatambaa kama magugu. Ndiyo maana niliyapandikiza kwenye kijiwe cha peke yake, katikati ya mchanga, mbali na jiwe kubwa. Yakikaribia ukingo nayapunguza. Hayajawahi kunisumbua.

Kisha nikaenda Lindi kumuuguza mama. Niliporudi, yameshapanda jiwe kubwa, yanalielekea tumbawe langu gumu, nililolilea tangu likiwa kama kidole gumba.

Nilihangaika wiki kadhaa. Nikabadilisha maji, nikapunguza chakula cha samaki, nikashusha taa. Nikajiona sijui kufuga. Bakari, mume wangu, yuko kwenye kochi ananitazama. Siku moja akanifariji kabisa: "Labda maji ya huku kwetu, mke wangu."

Leo nimemwambia nimeshindwa, nalitoa jiwe lote. Akaruka: "Aa, usilitoe! Ngoja nilisugue tena."

Tena?

Akaanza kujiumauma. Yote yakatoka. Nilipokuwa Lindi alipata wageni, akaona kijiwe kile kimekaa kiupweke, akakiegemeza kwenye jiwe kubwa ili sebule ipendeze. Matumbawe yalipoanza kuvuka akaogopa nitagundua, akaingiza brashi kuyasugua humohumo tangini, pampu ya maji inazunguka.

"Si nilikuwa nasafisha tu?"

"Hukusafisha, Bakari. Umepanda shamba!"

Kila kipande kilichokatika kilichukuliwa na maji, na kila kilipotua kikaota.

Sikutaka kusikia zaidi. Nimezima pampu, nimelitoa jiwe, nimeliweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Kwa nyundo na patasi nimelikata tumbawe gumu kutoka kwenye jiwe hilo. Nusu yake ilikuwa imeshakufa, nyeupe, chini ya yale manyama laini. Kila pigo la nyundo nililisikia kifuani. Bakari ameshika beseni. Nakiri, nilitamani limmwagikie.

Nusu iliyopona nimeibandika kwenye jiwe safi. Vipande vilivyokuwa vinaelea nimevifyonza kwa mpira wa maji, vikaishia kwenye ndoo. Jiwe kubwa liko uani, linakauka. Makazi ya samaki wangu, miaka yote ile, sasa ni jiwe la uani tu.

Jioni ameomba msamaha. Ameomba kwa ajili ya brashi.

Hajaelewa.

Brashi ningemsamehe palepale. Mtu hajui, kaharibu, yameisha. Lakini wiki zote zile ameniona nimepiga magoti mbele ya kioo, nalaumu taa, nalaumu chumvi, najilaumu mwenyewe, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Tena akaniongezea uongo wa maji.

Matumbawe najua nitakavyoyadhibiti. Nitakagua kila asubuhi, na chochote kitakachochipua nitakitoa pamoja na kipande cha jiwe kilichokishika.

Lakini mtu aliyekaa akikutazama unatafuta kitu, naye anajua kilipo, unalala naye vipi kitanda kimoja?

Mie leo sijui.