Biblia ya Kuapia

Jumatano, Kwaresima

Nimempa. Ningefanyaje? Askari wa Liwali amenisimamia mlangoni mpaka nimeitoa Biblia yangu. Barazani wana Msahafu tu, na kesho anaapa Mkristo.

Mkristo mwenyewe ni Jumbe Petro. Ataapa kwamba shamba la Mzee Mwinyimvua, kule Kiwangwa, ni lake. Uongo mtupu! Ile mikorosho tuliipanda mimi na Mzee kwa mikono yetu.

Nilimkimbilia Padri. "Mwalimu," akasema, "mamlaka yatoka kwa Mungu. Tii."

Na Nabothi je? Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake, mashahidi wa uongo wakasimama, Nabothi akapigwa mawe akafa. Nilimuuliza hivyo. Padri akaenda kufunga dirisha.

Kabla sijampa Biblia, askari nilimwambia kitabu nitakileta mwenyewe, niseme niyajuayo. Akacheka. "Jumbe kasema kije kitabu tu, Mwalimu. Wewe kaa na wanao."

Na wanangu. Kwa nini awataje?

Mke wangu sijamwambia kwamba kesho nitakwenda. Lakini nimeikuta kanzu yangu imepigwa pasi. Watoto kawalaza chumba cha ndani, na mlango ameuegemezea kinu.