Mstari wa Kireno

Darsait, Maskati

Kaka Aziz,

Assalaam aleikum. U mzima? Nakuuliza kwa kuwa Mama alitufunza adabu tu. Miye nna afya, alhamdulillahi, lakini roho inaniwaka. Nakuandikia barua kwa sababu Azaiba kwako sitii mguu tena.

Juzi nlikuwepo ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Nlikusikia ukiwahadithia watu neno la Kigiriki, apotheke, yaani ghala. Ukasema kwa Wajerumani limekuwa duka la dawa, kwa Wafaransa boutique, kijiduka, kwa Wataliana bottega, karakana ya fundi, na kwa Wareno adega, chumba cha bi harusi. Watu wakapiga makofi. Ukasema ni utafiti wako wa miaka kumi, na kitabu kinakwenda kuchapwa kwa jina lako. Loo! Hukuona haya?

Miaka kumi gani, we Aziz? Baba alikaa miaka thelathini kwenye duka lake la dawa hapa Darsait. Kila Mzungu aliyeshuka melini Matrah akaja kutafuta dawa ya tumbo, Baba alimuuliza kwao maduka na maghala huitwaje, akaandika mgongoni mwa boksi la dawa. Wewe ukimcheka. Alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, ukayabeba maboksi yote ukidai unayahifadhi.

Kisha pale ukumbini mama mmoja wa Kireno akasimama, akasema kwao adega si chumba cha bi harusi, ni ghala la mvinyo. Watu wakacheka. Hapo ndipo ulipomkumbuka Baba! Ukasema hilo ni kosa la marehemu, mzee hakusoma. Mazuri yako, aibu ya Baba. Mwizi mkubwa we.

Sasa sikiliza. Mstari ule si wa Baba. Alipopofuka, mimi ndiye nliyekuwa nikimuandikia. Siku alipokuja Mreno dukani nlichoka, sikumsikiliza maana aliyoitoa, na Baba alipotaka nimsomee, nikatunga hicho chumba cha bi harusi. Akafurahi, akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mpaka leo nikisali namuomba radhi.

Basi kosa ni langu, na yaliyobaki yote ni ya Baba. La kwako, kaka, liko wapi? Mwambie mchapaji aandike jina la mwenyewe, au nitakwenda kumwambia mimi, na aibu yangu nimebeba.

Wifi Balqees na watoto nisalimie. Wao hawana kosa.

Nduguyo, upende usipende,
Mahfudha