Vipele vya Jioni

Jumapili. Mvua inanyesha hapa Miembeni tangu alfajiri, na viungo vya mikono vinauma kidogo. Si kitu kigeni. Tunajuana.

Binti yangu amepiga simu kunijulia hali. Nimemwambia ni nzuri. Halafu nimekaa dirishani nikiwaza miaka ile baada ya vita vya mpakani, Ukimwi ulipokuwa ukizoa watu na sisi tukiuita Juliana.

Nilikuwa mwalimu Muleba, mjane kijana. Kila jioni homa ilipanda, viungo vikavimba, vipele vyekundu hafifu vikanitoka kifuani na mikononi. Asubuhi ngozi ilikuwa safi kabisa.

Na kila nilipolazwa, madaktari walipita wodini asubuhi.

Kijijini hawakuhitaji daktari. Mume amekufa, mke anakonda, wanajua. Kwamba mume wangu alizama ziwani akitoka kisiwani Goziba, hilo lilisahaulika haraka. Jirani alikuja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama apande maharage juma lile au asubiri, maana kwetu penye msiba hakuna anayeshika jembe. Nilimwambia apande tu.

Wifi yangu alimchukua huyu binti yangu, bado mdogo, akampeleka kwake Kemondo ili azoee mapema. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Hilo liliniuma kuliko viungo.

Nilipimwa Ukimwi, sina. Wakarudia, sina. Malaria, taifodi, kifua kikuu, vyote sina. Nyumbani waliona mashine ndiyo mbovu.

Daktari mmoja pale Bukoba alipotaka kuona vipele, nikamweleza kwamba huja na homa na kuondoka nayo. Wenzake walikuwa wameyasikia hayo wakaendelea na kitanda kinachofuata. Yeye alirudi jioni, akavuta kiti, akasubiri homa ipande. Akavitazama.

"Huu ni ugonjwa adimu," alisema. "Hauna kipimo chake. Tunaujua baada ya kuondoa mengine yote. Lakini dawa ipo."

Dawa ilinikubali. Nilipoweza kutembea nikaenda Kemondo kumchukua mwanangu. Nilimkuta uani akimenya ndizi na shangazi yake. Alinitazama kama mgeni, akanieleza bila huzuni yoyote:

"Mama yangu alikufa."

Nilikaa chini pale pale uani, nikachukua ndizi, nikamenya naye mpaka zikaisha.

Yeye hakumbuki, nami sijawahi kumwambia. Ila mpaka leo, akiniita Mama, huwa naitika upesi.